Mifugo ya Mwalimu wa Kemia

Kanuni ya kwanza aliyotufundisha Mwalimu wa Kemia ilikuwa kwamba maabarani hakuna kuonja kitu. Aliiandika ubaoni kwa herufi kubwa, akaipigia mstari, akasema atakayeivunja hataingia darasani mwake mpaka muhula uishe. Mtu wa kwanza kuivunja alikuwa yeye. Kila chupa iliyobanduka karatasi ya jina aliichovya ncha ya kidole, akaigusisha ulimini, akafumba jicho moja na kutangaza: hii magadi, hii chokaa, hii kuna mtu amekojoa. Tulicheka mpaka tukasahau kumwogopa. Mimi niliyekuwa nakaa mbele niliona kwamba ile ya mwisho hakuionja, aliinusa tu.

Wanafunzi wake wote alitubatiza kwa majina ya elementi. Mvulana mmoja mwepesi wa hasira aliitwa Sodiamu, msichana mmoja asiyechangamana na mtu aliitwa Heliamu, na mimi nikaitwa Risasi, kwa sababu, alisema, ni mzito kuanza na nikishatua mahali sing'oki. Nililichukia jina hilo miaka yote ya sekondari. Leo ni mama wa watoto wanne, nina mwalo wangu wa kuchenjulia dhahabu hapa Mwakitolyo, wanaume wenye maduara yao ya kuchimbia wananisalimia kwa adabu, na Mwalimu akipiga simu bado anaanza kwa kuuliza Risasi yupo? Nami namwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mashati yake yote yalikuwa na vitundu vya tindikali kifuani. Mkewe alivishona kwa uzi wowote uliokuwa karibu, kwa hiyo ukikaa mbele yake kanisani huoni kitu, ila ukigeuka kutoa amani unaona kifua chenye madoa mekundu, ya kijani na ya bluu. Alikuwa Mkatoliki wa benchi la mwisho. Alisema kule nyuma kuna hewa zaidi.

Alikuwa bahili wa vitu, si wa watu. Njiti ya kibiriti aliipasua katikati kwa wembe ili imwashie mara mbili, na chaki aliing'ang'ania mpaka ikabaki vumbi kwenye kucha. Lakini mwanafunzi akija shule pekupeku, wiki haiishi hujamwona na ndala mpya, na ukimuuliza Mwalimu zimetoka wapi, atakwambia zimeanguka kutoka kwenye lori. Malori mengi yalimwaga ndala karibu na shule yetu miaka ile.

Mali haikumbabaisha hata kidogo, jambo la ajabu kwa mtu aliyeishi maisha yake yote kati ya almasi na dhahabu. Alitupeleka Mwadui siku moja, tukasimama nje ya uzio, tukachungulia ule udongo uliorundikwa tangu enzi za babu zetu. Tulitegemea atatuambia utajiri wa nchi. Akatuambia almasi ni mkaa uliopata bahati, basi, akatugeuza turudi. Njiani Sodiamu alimuuliza kama mkaa wa nyumbani nao unaweza kupata bahati. Mwalimu alisema hapana, wa nyumbani tumeuwahi sisi.

Alipostaafu tulidhani atafuga kuku, kama walimu wengine. Wapi. Siku moja ya kiangazi nilisikia trekta likinguruma nje ya uzio wangu, nikatoka, nikamkuta ameketi juu ya tela katikati ya mapipa ya plastiki, kofia imemkaa upande, anauliza kama nina kivuli. Sikumwelewa. Akasema si cha kwake, ni cha mifugo yake. Nikaangalia tela zima, sikuona hata kifaranga.

Nieleze kidogo kazi yetu, maana asiyeujua mwalo hatamwelewa Mwalimu. Jiwe likitoka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, linasagwa na karasha mpaka liwe unga. Ule unga tunausafisha kwa maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa mazulia makuukuu. Dhahabu ni nzito, inanasa kwenye zulia, mchanga unateremka na maji. Kilichonasa tunakitia kwenye beseni, tunamimina zebaki, tunakikanda kwa mikono kama unga wa chapati. Zebaki inaikamata dhahabu, linatoka donge jeupe. Donge tunalichoma kwenye mkaa, zebaki inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Wengi tulichomea jikoni, kwa sababu nje kuna upepo na kuna macho ya watu.

Mchanga unaobaki unaitwa marudio, na kila mwalo una kilima chake. Chetu kilikuwa kirefu kuliko nyumba, nacho kilitutesa. Jiwe la upande huu lina ubishi. Ukilipasua linang'aa manjano, mgeni anadhani ametajirika, kumbe ule mng'ao ni chuma na salfa vilivyokumbatiana, na dhahabu yenyewe imefungiwa ndani yake, chembe ndogo zisizoonekana. Zebaki haiifikii. Unasaga tena, unakanda tena, unachoma tena, unaambulia moshi.

Sasa Mwalimu alituketisha, wanawake wote wa kikundi chetu, juu ya ndoo zilizofudikizwa, akatupa somo. Alisema katika maji ya yale maduara yaliyoachwa, yale mekundu machungu yanayokula ndoo na kutoboa mabuti, mna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Chakula chao ni chuma na salfa. Hawataki nyama wala majani, wanataka jiwe lile lile linalotushinda sisi. Wakilila, jiwe linafunguka, dhahabu inabaki wazi. Hapo unga unaoshwa, unatiwa chokaa kuua ukali, unapelekwa plenti, kule kwenye matangi ya watu wenye leseni, wanaitoa bila zebaki hata tone. Kazi ya wadudu ni kufungua mlango tu, alisema, wao dhahabu hawaitaki. Mama Shija, mwenyekiti wetu, alisema basi hao wamelelewa vizuri kuliko waume zetu.

Angeishia hapo tungekuwa salama. Lakini Mwalimu hakujua kuishia. Akatuambia kwamba nchi za mbali wadudu wa namna hii wamekwishatumika kutoa shaba kwenye miamba, hata urani. Alilitaja neno hilo kwa fahari, kama mzazi anayetaja mtoto aliyefika chuo kikuu. Kabla jua halijazama, machimbo mazima yalijua kwamba kwa Risasi kuna mapipa ya urani.

Wachimbaji waliacha kupita njia ya kwetu. Mmoja alidai nywele zimemtoka kwa kuchungulia tu, ingawa upara ule tulikuwa tunaujua tangu zamani. Akaja mnunuzi kutoka Kahama, viatu vinang'aa, anaongea kwa kunong'ona, anataka chupa moja tu ya kuanzia. Mwalimu alimkaribisha kigoda, akamfundisha tangu atomu. Yule bwana alipoondoka jua lilikuwa limemgeukia upande wa pili, na chupa yake ilikuwa tupu. Akaja mtendaji wa kata na mgambo wawili. Nao wakafundishwa. Mwalimu aliwaambia urani hapa haipo, na kama ingekuwepo yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukimbia, kwa sababu anaijua. Wadudu ni wa jamii moja, lakini anayefungua mlango wa ghala la mahindi hatoi mpunga. Mtendaji aliondoka na kazi ya nyumbani, na Jumatatu aliirudisha.

Kikundi tulikaa, tukabishana, tukampa kiangazi kimoja bila zebaki. Tuliwekeana maneno ya wazi: mvua za kwanza zikinyesha wadudu hawajafungua jiwe, anachukua mapipa yake na sisi tunarudi kwenye zebaki bila lawama. Wengi walikubali kwa sababu kilima kile kilikuwa hakitupi kitu. Mimi nilikubali kwa sababu nilikuwa na mimba ya kitindamimba wangu, na nilikuwa nimeyaona mabeseni yale kwa miaka, na nilikuwa nimeona watoto waliozaliwa mwaloni wakichelewa kukaa, wakichelewa kusema. Sikuwa na uhakika wa sababu. Niliogopa tu, na nilitaka mtu anionyeshe njia nyingine ya kula.

Kwa kuwa tulikuwa wafugaji sote kwa asili, Mwalimu alitueleza kila kitu kwa lugha ya zizi. Unga wa marudio tulioutia mapipani aliuita malisho. Pipa lenye maji mepesi alisema wamekonda. Yakianza kuwa na rangi ya chai alisema wameshiba. Akikoroga kwa mwiko mkubwa wa mti na kupuliza hewa kwa pampu ya fundi pancha alisema anawapeleka machungani. Alikuwa na unga mweupe wa mbolea, wa kukuzia mahindi, akawatupia chembe kidogo kwa vidole vitatu, akasema hicho ni kitoweo. Tulimwelewa vizuri sana. Hata waliokuwa hawajaingia darasa lolote walijifunza kusoma rangi ya pipa, wakipita asubuhi wanaulizana mifugo imelala salama?

Mwenye kuwapenda zaidi alikuwa mlinzi wetu, Mzee Masanja. Huyu alikuwa mfugaji wa kweli kutoka upande wa Kishapu, ukame ulimmalizia zizi lake lote, akaja machimboni na fimbo tu. Asubuhi aliyasalimia mapipa kabla hajanisalimia mimi: mwangaluka. Mwalimu hakumcheka. Alisema salamu haijawahi kuua mdudu.

Usidhani alikuwa mpole. Uzembe aliuchukia, na ulimi wake ulikuwa na tindikali kuliko mapipa. Mama Shija alipolala zamu yake ya kukoroga, Mwalimu alimwambia mbele ya watu kwamba amewahi kufundisha mawe yaliyokuwa makini kuliko yeye. Methali za kuwapoza watu wavivu hakuzitaka. Aliyoiruhusu ilikuwa moja, simba mwenda pole ndiye mla nyama, na hiyo aliitumia kila tulipomuuliza mbona wadudu wako wanachelewa. Tuliichoka mpaka tukaanza kuimaliza kabla yake.

Nilimuuliza siku moja, tunakoroga wawili, kwa nini anajitesa. Angeweza kuwa Mhunze kwake, amekaa na mkewe, anasikiliza redio. Alikoroga kwanza pande zote mbili. Akaniuliza kama nakumbuka masomo ya jioni barazani kwake, nilipokuwa kidato cha tatu. Nilikumbuka. Akaniuliza kama nakumbuka somo la zebaki. Nilikumbuka hilo pia: jinsi mvuke wake unavyoingia mapafuni, unavyopanda kichwani, unavyoshuka kwenye figo, unavyoanza na kutetemeka vidole. Alikuwa ametufundisha vizuri, kwa sauti ile yake ya kufika mtaa wa pili.

Akaniambia kwamba wakati ule ule, nyuma ya ukuta wa baraza, mkewe alikuwa jikoni anawachomea majirani madonge yao ya zebaki, wanamwachia kitu kidogo. Mshahara ulikuwa hautoshi, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani. Yeye alijua. Alimwona na hakusema neno.

"Nilimfungulia dirisha," alisema. "Kemia yote ile niliyosoma, Risasi, nikafungua dirisha."

Nilimkasirikia. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alikuwa na dawa mdomoni akatugawia sisi watoto wa watu, mkewe akamnyima. Nilitaka kuacha mwiko niondoke. Kisha nikamtazama, mzee wa watu ndani ya shati la viraka vya nyuzi, anakoroga pipa la maji mekundu kwenye jua la Mwakitolyo kwa ajili ya wake za wengine, na hasira ikaniisha nusu. Nusu nyingine niliendelea nayo siku kadhaa. Mama yule mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka zamani, wakati ule ilikuwa haiwezi tena kushika kikombe. Mwalimu aliniambia kwamba yeye Mama anadhani ni ugonjwa wa ukoo wao, na kwamba hajui kuwa mumewe alijua. Aliniomba hayo yaishie pale kwenye pipa.

Kiangazi kilipokaribia mwisho, mapipa yote yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mwalimu alitoa konzi ya unga, akauosha, akatuonyesha kwamba ule mng'ao wa manjano umekufa, jiwe limekuwa kahawia na limelegea. Bado kidogo, alisema. Tukaanza kupanga nani atakwenda na mzigo plenti. Hapo ndipo simu ikaja kwamba mkewe amelazwa Shinyanga. Aliondoka na bodaboda akiwa amevaa buti za mwaloni.

Alikaa huko muda, na sisi tulikoroga kama alivyotuagiza. Siku za mawingu zikaja, baridi ikaingia, rangi ya mapipa ikapooza. Mzee Masanja hakupata usingizi. Aliniambia baadaye kwamba aliwatazama akaona ni wanyonge, akakumbuka ng'ombe wake mwaka ule wa ukame walivyokuwa wakilamba udongo, wakilamba hata ukuta wa nyumba kwa kukosa chumvi. Alikuwa amemwona Mwalimu akiwatupia unga mweupe, kidogo mno kwa mtu anayefuga. Akajisemea Mwalimu ni msomi lakini ni bahili. Akaenda dukani, akanunua chumvi ya mawe kwa pesa yake mwenyewe, akaitwanga, akaipima kwa mkono wa mfugaji mkarimu, akagawia pipa hadi pipa bila kubagua.

Chumvi ndicho kitu wasichokiweza wadudu wale. Tindikali wanaogelea, jiwe wanatafuna, lakini chumvi inawaua.

Tuliona rangi ikisimama, kisha maji yakaanza kutulia, ukikoroga hayana uhai. Hakuna aliyejua sababu mpaka Mwalimu aliporudi. Aliinama kwenye pipa la kwanza, akachovya kidole, akagusisha ulimi. Akaenda la pili. Alipofika la mwisho alikuwa amekwishajua, nasi tulijua kwamba amejua. Mzee Masanja alisogea mwenyewe, akavua kofia, akasema ni yeye aliyewalisha. Alieleza yote, ng'ombe, ukame, ukuta wa nyumba. Wanawake tulisogea nyuma kidogo. Mimi niliwahi kumwona mtu huyu akimtoa mwanafunzi nje kwa kuvunja bomba moja la kioo, na nilimhurumia mzee wa watu.

Mwalimu aliuliza ameweka chumvi kiasi gani. Masanja akasema ya kutosha zizi zima. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu sahihi.

"Mzee Masanja," akasema, "kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekwambia ni mifugo."

Akamshika mkono, akamwambia wabeja, asante, kwa kuwaangalia. Kisha akaenda nyuma ya karasha, akakaa juu ya ndoo, ametupa mgongo. Nilimpelekea maji hakuyanywa. Sijapata kumwona mtu mzima akiwa mpweke namna ile katikati ya watu.

Mvua za kwanza zikanyesha wiki ile ile. Maneno yalikuwa maneno. Mama Shija hakuwa mwovu. Alikuwa na watoto na wajukuu, na alimwambia Mwalimu kwa heshima kwamba kikundi kimesubiri kama walivyoahidiana. Mabeseni yakarudi. Harufu ya madonge ikarudi majikoni. Mimi na tumbo langu nikajitoa, nikaishi kwa kuuza maandazi na michembe ya viazi vikavu, na Mwalimu akaniomba kivuli cha mapipa mawili tu kando ya jiko langu. Akarudi na Mzee Masanja kwenye duara lile lililoachwa, wakachota maji mekundu upya, wakaanza upya. Safari hii hakutumia lugha ya zizi. Alimweka Masanja chini akamfundisha mdudu ni nini, kwa jina lake, kwa siku nyingi, kwa Kisukuma pale Kiswahili kiliposhindwa. Masanja aliendelea kuwasalimia hata hivyo.

Mwanangu alizaliwa mapipa hayajakolea. Alikaa kwa wakati wake, alitambaa kwa wakati wake, na unga wa mapipa mawili ukaenda plenti naye akiwa mgongoni. Dhahabu ilitoka. Haikuwa ya kujengea ghorofa, wala ya kumfanya mtu aimbe barabarani, lakini ilitoka kwenye mchanga ule ule uliotushinda miaka yote. Nililia pale plenti, mhasibu akadhani nimepunjwa. Mmoja mmoja wanawake wakaanza kuleta ndoo zao za marudio kwangu, kwa kujificha kidogo, wakisema wanajaribu tu. Mama Shija alikuja wa mwisho na ndoo mbili.

Mwalimu alipoona tunajua kukoroga, kusoma rangi na kuosha, alirudi Mhunze kwa mkewe. Hali yake Mama ilikuwa imeteremka.

Mwaka huu wanawake wa mwalo mmoja upande wa Geita walisikia habari zetu, wakanitumia ujumbe. Jiwe lao ni bishi kama letu, na wanachomea ndani kama tulivyokuwa tukichomea. Nilikwenda kuwatazama. Kuendesha mapipa naweza, lakini kuanza katika maji mapya, kwenye jiwe jipya, sijui. Nilijaribu nikapata maji machafu tu. Kulikuwa na mabinti pale wenye matumbo, wanakanda. Sikurudi nyumbani, nilipanda magari moja kwa moja mpaka Mhunze kumwomba aje.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye kigoda mbele ya kiti cha mkewe, anamlisha uji. Mikono ya Mama ilikuwa mapajani, inacheza yenyewe, imefunikwa na kitenge. Nilimwamkia Mama kwanza, kisha yeye. Alifurahi kuniona, akaniuliza habari za Masanja na za mtoto, nikamwambia. Kisha nikamweleza kilichonileta. Alinisikiliza bila kusimamisha kijiko, alipomaliza kumfuta Mama mdomo akasema hapana. Alisema amekwishaondoka nyumba hii mara moja akarudi kumkuta mwenzake hospitali. Niende nitafute vijana wa chuo. Niliona ni haki yake.

Mama ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilikuwa imenyooka.

"Mwalimu, nenda na mwanafunzi wako."

Akamjibu kwamba mambo hayo yamekwisha. Mama akamwambia mdogo wake yupo, atamlisha, na kama ni kulishwa tu hata jirani anaweza. Mwalimu akatikisa kichwa kukataa.

"Unanikalia hapa kwa sababu unadhani sikujua," Mama akasema.

Kijiko kikasimama.

"Ulikuwa unawafundisha hawa zebaki barazani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na wewe hujui kusema polepole. Nilisikia yote. Mapafu, figo, vidole. Nilisikia nikiwa naichoma."

Mwalimu alikirudisha kijiko bakulini. Mimi nilitazama chini. Nilitamani nisingekuwepo, na wakati huo huo nisingeondoka kwa chochote.

"Ulijua," akasema mwishowe. "Na hukuniambia?"

"Wewe uliniambia? Uliingia, ukafungua dirisha, ukatoka. Nikaona na wewe umejua, na huna la kufanya. Watoto walikuwa wanadaiwa ada. Tukanyamaza wote wawili."

Machozi yalikuwa yanamtoka Mwalimu, nayo hayakuwa na kelele yoyote. Mkewe alimwacha alie. Alingoja mpaka alipojifuta kwa mkono wa shati, ndipo akamwambia, bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo la shamba.

"Wakati ule ulikuwa na sumu tu ya kunifundisha. Njia nyingine hukuwa nayo, na mimi sikukudai. Sasa unayo. Wanawake wanaichoma huko, na wewe umekaa hapa unakoroga uji."

Kisha akanigeukia mimi, akaniambia nisogeze kigoda. Nikapokea bakuli kutoka mikononi mwa Mwalimu, nikapokea na kijiko. Uji ulikuwa bado una moto kidogo. Mwalimu alisimama, akashika ukuta, akaingia ndani kutafuta viatu vyake.